Kompaundi ya Ufukweni au Kiwanja Chako Mwenyewe: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuhamia Karibu na Maji Dar es Salaam

Mtu anayetaka kuhamia karibu na maji hapa Dar es Salaam ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kununua au kupanga nyumba ndani ya kompaundi yenye geti moja, walinzi, tangi la maji la pamoja na kanuni zilizoandikwa, kama zile zilizopo Masaki na Msasani, kando ya Barabara ya Bagamoyo kuanzia Mbezi Beach hadi Mbweni, na siku hizi ng'ambo Kigamboni. Ya pili ni kununua kiwanja, kujenga taratibu kadiri mfuko unavyoruhusu, na kuishi mtaani na watu kama mtaa ulivyo. Mimi nimeishi miaka minne katika njia ya kwanza. Dada yangu amejenga na anaishi katika ya pili, upande wa Kigamboni, nasi hulinganisha hesabu zetu karibu kila mwisho wa mwezi. Naandika kwa sababu naona watu wengi wakichagua kwa kuitazama bahari, ilhali bahari ni ileile kwa pande zote mbili. Kinachotofautiana ni nani anayebeba mzigo wa vitu vinavyofanya nyumba ya karibu na maji ikalike: mtaro, pampu, karo, ukuta wa kuzuia mawimbi na barabara ya kuingilia.

Marekani, ambako mitaa ya geti moja imejengwa kwa wingi kuzunguka maziwa ya binafsi, jambo hili lilijionyesha kwa namna ya kuumiza. Mengi ya maziwa hayo si ya asili, bali ni maji ya mto yaliyozuiwa na bwawa. Mwezi Mei 2020, katika jimbo la Michigan, bwawa la Edenville, lililokuwa mali ya kampuni binafsi, lilibomoka baada ya mvua kubwa, Ziwa Wixom likamwagika lote, na watu waliolipia nyumba za kutazama maji wakabaki wakitazama tope na visiki. Baadaye wenye ardhi kuzunguka ziwa hilo na mengine jirani wakawekewa mchango wa lazima wa kurejesha mabwawa. Wengi wao walikuwa wamenunua nyumba nzuri zenye hati safi, lakini kitu kilichozipa nyumba hizo thamani kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Bahari yetu haiwezi kukauka hivyo, lakini swali ni lilelile: kile unachokitegemea kiko mikononi mwa nani, na kikiharibika nani atalipa?

Hati ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa kuwa njia hizi mbili huachana hapo kabla hata hujahamisha kitanda. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachopewa mwananchi ni haki ya kuimiliki kwa muda, yaani miaka 33, 66 au 99. Ukinunua kiwanja, hati inakuwa na jina lako, na miaka iliyobaki unaisoma mwenyewe. Ukinunua sehemu ya jengo ndani ya kompaundi, unaingia chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, inayokupa hati ya sehemu yako pamoja na fungu lako katika maeneo ya pamoja, na inayowafunga wamiliki wote katika umoja mmoja wa kuyatunza. Hilo ni jambo jema, lakini hati yako imesimama juu ya hati ya kiwanja kizima, na haiwezi kuishi miaka mingi kuliko hiyo iliyoibeba. Omba kuiona hati mama. Angalia ilitolewa lini, imebakiza miaka mingapi, na kama benki imeishikilia kwa mkopo wa mjenzi. Zipo kompaundi ambako mnunuzi amelipa fedha yote, akapewa funguo na mkataba wa mauziano, na hati za sehemu zikabaki kuwa ahadi ya mwaka ujao. Mtu wa namna hiyo ana mahali pa kulala, lakini hana cha kuweka rehani wala cha kuwaachia watoto bila mvutano.

Upande wa kiwanja, hatari ina sura nyingine. Dalali atakuonyesha mandhari, muuzaji atakuonyesha karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na wote wawili wataizungumzia karatasi hiyo kana kwamba ni hati. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba mauziano yamefanyika mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba eneo limepimwa wala kwamba linaruhusiwa kujengwa makazi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, linganisha namba ya kiwanja na kitalu na ramani ya upimaji, na kama muuzaji ana mke au mume na nyumba hiyo ni ya familia, hakikisha mwenza wake ametia saini ya ridhaa, kwa maana mauzo bila ridhaa hiyo yanaweza kubatilishwa mahakamani. Dada yangu alimlipa mpima ardhi wake mwenyewe kabla ya kukamilisha malipo. Jiwe moja la mpaka lilikutwa limeng'olewa na kuchimbiwa upya, hatua nne ndani ya eneo alilokuwa anauziwa, na saruji yake ilikuwa bado nyeupe kando ya mawe mengine yaliyokwisha kuota ukungu. Hatua nne hizo ndizo zilizokuwa na njia ya gari.

Kwa njia zote mbili kuna kipimo kimoja ambacho hakina mjadala, nacho ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, mwambao wa ziwa la asili, ukingo wa mto na bwawa la maji. Wanunuzi wengi huikumbuka bahari na kuisahau mito, ingawa Dar es Salaam imekatwa na Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Mbezi, Tegeta na Mpiji, na mito hii wakati wa kiangazi huonekana kama njia ya mchanga tu ambayo mtoto anaivuka bila kulowa goti. Mchanga huo unachimbwa na kupakiwa kwenye malori, kingo zinameguka kila masika, na nyumba iliyojengwa mbali na mto inajikuta iko ukingoni. Mwezi Desemba 2011, mafuriko yaliua takriban watu 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, nyumba katika Bonde la Msimbazi zilianza kubomolewa, na baadhi ya wenye nyumba walikuwa wakilipa umeme na maji kwa jina lao kwa miaka mingi. Kuunganishiwa LUKU hakukufanyi kuwa halali. Ikiwa ni kompaundi, usidhani kwamba mjenzi mkubwa lazima amefuata kipimo hiki; chukua futi kamba ya fundi, upime kuanzia alama ya juu kabisa inayofikiwa na maji, ile yenye mstari wa magugu makavu na vifuu vilivyoachwa na mawimbi, wala si pale maji yalipo saa ile ulipofika.

Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita tatu na zaidi katika pwani hii, kwa hiyo mtu aliyepelekwa kuona nyumba siku ya maji mafu anaweza kuondoka akiamini kwamba bahari iko mbali. Upepo wa kusi nao huyasukuma mawimbi kwa nguvu tofauti na kaskazi. Yapo maeneo ya pwani ya kaskazini, Kunduchi likiwa mfano unaojulikana zaidi, ambako bahari imekuwa ikila ufukwe kwa miongo kadhaa. Kompaundi iliyo mbele ya ufukwe wa namna hiyo itahitaji ukuta wa mawe, na ukuta huo ni wa wamiliki wote hata kama nyumba yako iko safu ya nyuma. Mwenye kiwanja anaweza kuamua kutojenga ukuta, au kusogea nyuma na kuacha mikoko ifanye kazi yake. Mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali, na anayekuahidi kukufyekea ili uone bahari vizuri anakuingiza kwenye kesi.

Sasa niseme kuhusu chumvi, kwa sababu ndiyo gharama inayowashangaza wahamiaji wengi zaidi, na ndiyo inayoonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Pitisha kidole juu ya nondo za dirisha upande unaotazama bahari, kisha upande wa pili, uone tofauti ya kutu. Tazama sehemu ya chini ya ukuta, usawa wa goti: rangi ikiwa imebabuka na unga mweupe umejitokeza, chumvi inapanda kutoka kwenye msingi, na kupaka rangi upya hakutaiondoa. Gonga nguzo za zege kwa funguo. Mahali nondo iliposhika kutu na kuvimba, zege huachana nayo na mlio hubadilika, unakuwa wa kitu chenye uwazi ndani. Chanzo mara nyingi ni fundi aliyetumia mchanga wa baharini au aliyekoroga zege kwa maji ya kisima cha chumvi ili kuokoa gharama ya boza. Kwa jambo hili kiwanja kina ubora ambao kompaundi haiwezi kuufikia, nao ni kwamba unasimamia mwenyewe tangu msingi. Dada yangu alionja maji ya kukorogea zege kila asubuhi kabla mafundi hawajaanza. Mafundi walimcheka wiki ya kwanza, na wiki ya pili wakawa wanamletea kikombe. Katika kompaundi unakuta zege limekwisha kufunikwa kwa vigae na plasta laini, na hakuna wa kumwuliza.

Karo ni ndugu wa chumvi. Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hili haijaunganishwa na mfumo wa majitaka, kwa hiyo kila nyumba au kila kompaundi ina karo na shimo la kunyonyea. Karibu na bahari, maji ya ardhini yako juu, na masika yanapokolea shimo halinyonyi tena. Nyumba moja kwenye kiwanja chake itaita gari la majitaka mara chache kwa msimu. Kompaundi ya familia 30 zinazotumia karo moja iliyochimbwa ndogo inaweza kuliita kila wiki, na gharama hiyo huingia kwenye ada. Uliza karo ina ujazo gani na ilipangiwa watu wangapi, kisha uhesabu madirisha.

Kwenye maji safi, kompaundi hushinda, ila kwa sharti. Dar es Salaam inategemea zaidi Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto huo ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2022 jiji liliingia kwenye mgawo. Kompaundi yenye tangi kubwa la chini, pampu mbili na jenereta hupita kipindi kama hicho kwa unafuu ambao mwenye simtanki moja la lita elfu haupati. Sharti ni kwamba vitu hivyo viwe na mfuko wa kuvitengeneza. Katika kompaundi niliyoishi, pampu iliungua mwezi Februari, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba ada tuliyolipa kwa miaka mitatu ilikuwa ikitumika yote kwa walinzi, usafi na umeme wa taa za nje, bila hata shilingi ya akiba. Kwa siku 11 watu wazima walipanda ngazi na ndoo ghorofa nne, na bibi mmoja wa ghorofa ya tatu alilazimika kwenda kukaa kwa mwanawe Ubungo. Pampu yenyewe haikuwa ya bei kubwa sana ukiigawanya. Kilichochukua siku 11 ni wamiliki kubishana nani alipe kwanza, kwa kuwa wengine walikuwa wamepangisha na hawaishi humo, na wengine walikuwa na madeni ya nyuma.

Tangu siku hizo, nikiulizwa kuhusu kompaundi yoyote, nawaambia watu waache kwanza picha za bwawa la kuogelea na waombe karatasi tatu: hesabu za mapato na matumizi za mwaka uliopita, orodha ya wadaiwa wa ada bila majina ikibidi, na muhtasari wa mkutano wa mwisho wa wamiliki. Ada ndogo isikufurahishe. Mara nyingi ni dalili kwamba lifti, paa na pampu vinazeeka bila mtu kuviwekea akiba, na siku ya kuvitengeneza utatozwa mchango wa mara moja ambao unaweza kuzidi ada ya mwaka mzima. Angalia pia kama umoja wa wamiliki umeanza kufanya kazi kweli, au mjenzi bado ndiye anayeajiri msimamizi, anayepanga ada na anayejikagua mwenyewe. Mwenye kiwanja hana ada ya namna hiyo. Ana pango la ardhi kila mwaka na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, kodi ambayo mwenye sehemu ya jengo naye haepuki. Lakini mlinzi, taka, kifusi cha kujaza mashimo ya barabara baada ya mvua na kuzibua mtaro vyote vinatoka mfukoni mwake au katika changizo la majirani, ambalo wengine watalipa na wengine watapita kimya. Dada yangu na mimi tulipoziandika gharama zote kwa mwaka mmoja, tofauti yetu ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Yake ilikuja kwa mishtuko, yangu ilikuja kila mwezi.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa na wauzaji wa nyumba hizi ni msiba. Familia ya Dar es Salaam haihami na vyombo tu. Inahama na ndugu zake wote, na siku ya msiba wanakuja. Baba mkwe alipofariki, kanuni za kompaundi yetu zilitaka wageni waandikishwe getini, magari ya nje yasizidi mawili kwa kila nyumba, na kusiwe na mapishi ya moto wa kuni wala muziki au vipaza sauti nje. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kwa kuwa kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya utulivu ambao sote tuliulipia. Hata hivyo, wazee waliotoka Rufiji usiku walisimama getini wakiandika majina yao mmoja baada ya mwingine, wengine wakiandikiwa, ndoo za vyakula zikiwa chini, na mlinzi kijana akiinama kwa aibu kila alipowaambia, "Shikamoo mzee, naomba na namba ya simu." Ikabidi msiba uhamie kwa dada. Kule, kabla hata hatujafika, majirani walikuwa wamefunga turubai katikati ya njia, mjumbe ameshaleta viti, na mama wa nyumba ya pili ameshaweka sufuria mafigani. Kwa anayetaka kupangisha chumba, kufuga kuku, kufungua genge mbele ya nyumba au kufanya hitima na sherehe za watoto nyumbani, kanuni za kompaundi zinapaswa kusomwa kabla ya hati. Kwa mtu anayeishi peke yake, anayesafiri mara kwa mara, au mwenye mzazi mgonjwa anayehitaji kimya, kanuni hizohizo ni neema, na ni kweli kwamba ndani ya geti tulilala bila hofu ya vibaka, wakati dada ameibiwa mara mbili na ulinzi shirikishi wa mtaa wao huamka na kulala.

Kuhusu usafiri, eneo ni muhimu kuliko aina ya nyumba. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 limepunguza utegemezi wa pantoni, lakini lina tozo, na anayelivuka kila siku aiingize kwenye bajeti. Barabara ya Bagamoyo ina foleni yake inayojulikana. Ongeza tu kwamba wenye kompaundi hutegemea barabara ya kuingilia ambayo kwa kawaida iko nje ya geti, na ikijaa maji hata jenereta la pamoja halisaidii.

Ukiniuliza nichague kwa niaba yako, nitakuuliza kwanza kama una subira ya kusimamia ujenzi na kama una ndugu wengi wanaokuja. Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, nenda kwenye kiwanja kilichopimwa, mbali na mita 60 na juu kidogo ya usawa wa njia. Ukijibu hapana kwa yote, nenda kompaundi, lakini ile ambayo umoja wa wamiliki una akiba benki na hati za sehemu zimekwisha kutoka, hata kama haina mandhari ya bahari. Anayejibu ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine asinunue sasa. Apange kwanza katika eneo analolipenda, kuanzia Machi hadi Agosti, ili masika na kusi vyote vimkute ndani ya nyumba, kwa kodi ya miezi sita ambayo wenye nyumba wengi hapa huidai kwa mkupuo. Na siku ya kwenda kuona nyumba, akimaliza kuzungumza na dalali, arudi peke yake getini amwulize mlinzi mambo mawili tu: gari la majitaka huja mara ngapi kwa mwezi, na boza la maji mara ngapi.